Pasipoti za Mama Silas

Kufuli halikuvunjwa. Sajenti Aikande aliligeuza upande huu na huu, akalifunga, akalifungua kwa ufunguo ambao Mama Silas alikuwa ameuvua shingoni, kisha akaliweka juu ya kifuniko cha sanduku la bati. Hapakuwa na mkwaruzo. Aliyefungua sanduku hili alilifungua kama lake.

"Ufunguo unakaa shingoni siku zote, mama?"

"Siku zote. Nikienda kuoga nampa huyu." Mama Silas alimwonyesha kwa kidevu mke wa mwanawe, Kindness, aliyesimama mlangoni na kanga kiunoni.

"Afande, umesikia mwenyewe," alisema Silas kutoka kwenye kiti chake. "Nyumba hii ina watu watatu. Mama hawezi kujiibia. Mimi siwezi kumwibia mama yangu. Hesabu ya darasa la kwanza."

"Bado hujaulizwa, Silas."

Silas akaegemea tena kiti. Asubuhi hiyo alikuwa amekuja kituoni na kueleza shida yake kwa sauti iliyofika hadi mahabusu. Mdogo wake, Nehemia, anaoa Nairobi siku ya Jumapili. Ndugu wamekodi Kosta, inaondoka Babati kesho Jumamosi alfajiri, inapita Arusha na kuvuka Namanga. Mama alishapata pasipoti, akaifungia sandukuni, na tangu jana haionekani. Mwizi anamjua: ni mke wake, aliyeambiwa abaki nyumbani na ng'ombe. Na pasipoti isipopatikana leo hadi jioni, kesho huyo mke atapanda basi la Same, arudi kwa wazazi wake.

Aikande alifungua daftari.

"Mama, twende taratibu. Ulikuwa na pasipoti."

"Nilikuwa nazo."

"Uliipata wapi?"

"Maisaka. Kwa kijana mmoja ana mkono safi. Aliziosha siku ileile, nikaja nazo nyumbani."

"Aliiosha?"

"Aliziosha vizuri. Hazina hata doa."

Mama Silas alikuwa Mbarbaig wa uwanda wa Hanang, na Kiswahili alikipata ukubwani, mnadani, akiuza ndama. Kabla ya hapo alikuwa amesema "mtoto yangu anaoa" na "sanduku yangu hii." Aikande, ambaye alimaliza chuo cha ualimu kabla ya kwenda chuo cha polisi, aliandika maelezo yake kama anayesahihisha daftari la mwanafunzi: *Pasipoti yangu ilikuwa ndani ya sanduku langu.*

"Ilikuwa ya rangi gani?"

"Bluu. Nyuma yote bluu."

"Na ndani imeandikwa jina lako?"

Mama Silas alimtazama kwa huruma. "Jina la nini, mwanangu? Si sura yangu iko pale? Nani Babati hii hanijui?"

Silas alicheka kidogo puani. Aikande aliandika: *rangi ya bluu, ina picha ya mlalamikaji.* Kisha akainama tena sandukuni. Juu kabisa palikuwa na kitambaa cheupe kilichotariziwa maua, kimekunjwa mara nne, pembe juu ya pembe.

"Ilifungwa humu?"

"Humo humo."

"Nawe ndiye uliyekikunja hivi?"

"Mimi nafunga fundo. Hivyo anakunja huyu."

Kindness alitazama chini. Aikande alitaka kutoka naye nje wazungumze wawili, lakini Mama Silas alishika ukindu wa mkeka aliokalia kana kwamba unataka kuondoka naye.

"Hapana. Mtoto wa watu haulizwi peke yake. Mama yake hayupo, mimi nipo. Muulize hapa."

Hapo Aikande alifanya jambo ambalo wakubwa wake wasingelipenda. Alikubali.

"Kindness, wewe umefungua sanduku hili wiki hii?"

"Ndiyo, afande. Mama alinituma kanga ya safari, nikaipige pasi."

"Ulichukua pasipoti ya mama?"

"Hapana. Sijaiona pasipoti ya mama. Sijawahi kuiona hata siku moja."

Alijibu bila kupepesa. Aikande alikuwa amesikia viapo vingi katika kazi hii, na hiki kilikuwa na sauti ya kweli. Lakini kitambaa kilikuwa mbele yake, na mikunjo yake haikuwa na fundo.

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda Maisaka."

Silas alijiinua kitini. "Maisaka kuna nini? Uliniambia unakwenda kusaga."

"Nilisaga pia."

"Na kingine?" Aikande aliuliza.

Kindness alimtazama Mama Silas, akamtazama Aikande, akarudisha macho sakafuni. "Nilikuwa na jambo langu. Si baya."

"Jambo gani?"

Kindness alikaza kanga kiunoni. Nje ndama alilia, na Mama Silas akamjibu kwa lugha yake bila kugeuka, kama mtu anayemwambia jirani asubiri.

* * *

Aniceti, mwenyekiti wa safari, alikuwa kwa fundi karibu na stendi, akisimamia Kosta ifungwe tairi jipya. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mfanyabiashara wa mbao aliyehamia kutoka Kigoma miaka mingi. Hakuwa ndugu wa damu, lakini hakuna sherehe ya ukoo huo iliyofanyika bila yeye kushika kipaza sauti.

"Afande, kama ni ukaguzi wa gari, vizima moto viwili hivyo hapo, na sanduku la huduma ya kwanza lina dawa, halina vitumbua."

"Sijaja kwa gari. Ni pasipoti ya Mama Silas."

Aniceti aliacha kutabasamu. "Nimesikia. Yule mama asipofika, harusi itakuwa msiba wenye pilau."

"Abiria wako wote wana pasipoti?"

"Wachache wana vile vitabu. Wengine niliwashughulikia mwenyewe pale uhamiaji, wakapewa hati za dharura."

"Na Mama Silas?"

"Nilipita kwao. Nikamwambia, mama, Namanga hatupiti bila pasipoti, na pasipoti hizi watu wanahangaika nazo, nikushughulikie? Akasema anazo tayari. Nikashangaa. Nikasema huyu mama mjanja, katutangulia."

"Ulimwomba akuonyeshe?"

"Afande, mimi nimwambie Mbarbaig mtu mzima anionyeshe alichonacho sandukuni? Anitoe na fimbo?"

"Ulimweleza pasipoti ni nini?"

"Nani asiyejua pasipoti?"

Aikande alimshukuru, akapanda bodaboda kuelekea uhamiaji. Mlima Kwaraa ulikuwa umevaa wingu kichwani, na upepo wa ziwani ulikuwa na baridi nzuri. Ingekuwa siku ya kufurahia, kama kesho isingekuwa na basi la Same ndani yake.

* * *

Ludovick wa uhamiaji walisoma naye sekondari. Alikuwa dirishani, foleni fupi mbele yake, na alipomwona Aikande alimkaribisha pembeni ya meza yake bila kuacha kazi.

"Nitajie jina."

"Tabitha Gidamanyega. Mkazi wa Nangara."

Ludovick alibonyeza kompyuta, akasubiri, akabonyeza tena.

"Hayupo."

"Hayupo Manyara?"

"Hayupo popote. Huyu mama hajawahi kuomba pasipoti maishani mwake."

Aikande alivuta kiti akaketi. Mambo yalianza kujipanga, moja nyuma ya jingine, na mpangilio wake haukumpendeza. Pasipoti isiyokuwepo serikalini ni pasipoti ya bandia. Mama aliipata kwa kijana wa Maisaka. Kijana huyo huosha, na Aikande alishasoma kwenye mafunzo kwamba wapo wahalifu wanaoosha pasipoti za watu kwa dawa na kubandika picha ya mtu mwingine. Mke wa Silas alikwenda Maisaka jana, akaficha sababu. Labda aligundua ile pasipoti ni feki, akairudisha. Au labda alikuwa mshirika wao tangu mwanzo.

Alimweleza Ludovick yote. Ludovick alisikiliza, akaanza kutafuta namba kwenye simu yake.

"Hili tusilicheleweshe. Namjulisha mkubwa wangu, twende na watu wawili Maisaka. Ngoja nimalizane na huyu mzee, ametoka mbali." Alimgeukia mzee aliyekuwa dirishani na koti lake zito. "Haya baba, wewe unaomba pasipoti mpya. Kitambulisho nimeona. Cheti nimeona. Pasipoti zako?"

Mzee aliingiza mkono mfukoni, akatoa bahasha ndogo, akaweka mezani picha nne. Nyuma yote bluu.

Ludovick alizipokea. Aikande alikuwa amesimama.

"Ludo, umemwomba nini?"

"Nani?"

"Huyu baba. Umemwomba nini sasa hivi?"

"Pasipoti."

"Amekuja kuomba pasipoti, nawe unamwomba pasipoti?"

Ludovick alimtazama yeye, akazitazama picha mkononi mwake, kisha akaanza kucheka. "Pasipoti saizi. Dada, na wewe. Mji mzima unasema hivyo. Hata kwenye kibao cha studio wameandika, *Pasipoti dakika tano.*"

Aikande hakucheka. Alikuwa amefungua daftari. *Pasipoti yangu.* Hayo yalikuwa maandishi yake. Mama Silas hakuwa amesema hivyo. Mama Silas alisema *nilikuwa nazo.* Alisema *aliziosha*, na watu wazima husema hivyo, kuosha picha. Alisema *hazina hata doa.* Aniceti naye alikuwa ameyarudia bila kujua: alisema *anazo.* Pasipoti ni pasipoti, ikiwa moja au zikiwa nne. Kinachotofautisha ni herufi moja mbele ya neno linalofuata, na herufi hiyo yeye aliikuta sahihi, akaisahihisha.

Alichukua kalamu, akakata *yangu*, akaandika *zangu.*

"Usimpigie mkubwa wako," alisema. "Maisaka hakuna wahalifu. Kuna mpiga picha."

"Na pasipoti ya yule mama?"

"Haijawahi kuwepo. Kinachotafutwa ni picha zake." Alifunga daftari. "Nijibu jingine. Mtu wa kwenda Nairobi harusini, kile kitabu ni lazima?"

"Kwa Kenya hapo? Hati ya dharura inamtosha. Aje na kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, kama hana cheti kiapo cha mwanasheria, barua ya mtaa." Ludovick aligonga picha za mzee kwa kidole. "Na hizi. Akija kabla sijafunga dirisha, namhudumia. Nikishafunga, hata nawe sikujui."

* * *

Safari hii Aikande hakuingia sebuleni. Alizunguka nyuma, akamkuta Kindness zizini, ndoo mkononi, na hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia isipokuwa ng'ombe.

"Kindness, sikuulizi pasipoti. Nakuuliza picha. Zile ndogo za mama, nyuma bluu. Ziko wapi?"

"Ziko kwa Theodory, afande. Studio, Maisaka."

Alijibu upesi hivyo, kama mtu aliyeulizwa maji yako wapi. Kisha akashusha ndoo polepole.

"Ndizo hizo?" alisema.

"Ndizo hizo."

"Mungu wangu. Mama alikuwa anazitafuta *hizo*?"

"Kwa nini hukusema unazo?"

"Hakuna aliyeniuliza picha. Mliniuliza pasipoti. Mimi pasipoti nimeiona ya dada yangu aliyekwenda Omani, ni kitabu. Nimewaza tangu jana, hicho kitabu mama kakipata lini na mimi sijui."

"Na Theodory anazifanyia nini?"

Kindness alianza kulisugua jicho kwa mgongo wa mkono. "Anaikuza moja, aitie kwenye fremu. Nehemia ukutani kwake hana mzazi hata mmoja. Baba alifariki bila picha. Mama hapigi picha, hizo ndizo za kwanza tangu niolewe hapa, nami sikujua kazipiga za nini. Nikazichukua zote nne, Theodory achague iliyo safi. Nilitaka mama aikute kesho imefungwa kwenye kanga yake, amkabidhi mwanawe mwenyewe pale ukumbini. Ningesema pale ndani, mama yupo anasikia, ingekuwa zawadi gani?"

"Silas anataka kukurudisha Same kesho. Kwa fremu ungekubali?"

"Nilijua itaonekana, afande. Kitu ambacho sikukichukua kingeonekana tu."

Aikande alitazama pembeni, akamkuta dume mmoja mweusi, mkubwa, anamtazama. Alitoa simu, akampigia Theodory.

Theodory alikuja mwenyewe na pikipiki, fremu imefungwa kwa gazeti, bahasha mfukoni. Ilibidi Mama Silas aione zawadi yake kabla ya siku yake. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu. Kwenye picha alikuwa amekaa wima, shanga zake zimejaa shingoni, amenuna kama hakimu.

"Nilimwambia acheke," Theodory alijitetea. "Akaniuliza, nacheka na nani?"

"Uso ni mzuri hivi," alisema Mama Silas. "Nehemia akitaka kufanya ujinga, ataona."

Kisha akaiweka fremu juu ya sanduku, akamgeukia Silas. Silas alikuwa amesimama karibu na ukuta, na hakuwa na mahali pa kuweka mikono yake.

"Nisamehe, mke wangu," alisema kwa sauti ya chini.

"Asubuhi kituoni ulisema kwa sauti," alisema Aikande. "Hadi askari wa zamu aliniuliza ni nani anayekufa. Sema kwa sauti ileile."

"Nisamehe, Kindness. Nilikusingizia."

"Nimekusikia," alisema Kindness.

"Bado," alisema Mama Silas. "Kwetu, mwanamume akimsingizia mke wake, wanawake wanakaa kikao. Wanaume hawaingii. Tukitoka, anatoa dume."

"Mama, hapa ni mjini."

"Dume wako anakaa wapi?"

Silas alichungulia zizini kupitia dirishani. Dume mweusi alikuwa anacheua, ametulia, hajui kitu.

"Hakuna adhabu nyingine?"

"Ipo. Kiti chako kwenye Kosta. Mpe mke wako, ubaki na ng'ombe. Wanakujua."

"Mama, jamani, ni harusi ya mdogo wake," Kindness aliingilia. "Mimi nitabaki tu."

"Wewe si ndiye ulinunua fremu? Ataibeba nani, mimi na goti hili?"

Chumba kizima kilimsubiri Silas. Aliangalia mlango wa chumbani, ambako suti yake mpya ilikuwa imetundikwa, akaangalia tena zizini.

"Nehemia nitampigia simu," alisema hatimaye. "Dume hana simu."

Theodory ndiye aliyeanza kucheka, kisha Aikande, na mwisho Kindness, mkono mdomoni. Silas naye alishindwa kujizuia.

"Theodory," alisema Aikande, "ukuta wa nyumba hii upande ule una rangi gani?"

"Si bluu, afande. Lakini kitambaa changu cha bluu kipo kwenye pikipiki."

"Basi Kindness naye mpige. Dakika tano, kama ulivyoandika kwenye kibao chako."

* * *

Karani wa mtaa aliandika barua mbili akiwa amesimama. Kiapo cha Mama Silas kilipatikana kwa mwanasheria wa jirani na mahakama, ambaye aliomba tu amwone mama huyo aliyelalamika kwa herufi za wingi. Walipofika uhamiaji Ludovick alikuwa ameshika kitasa cha dirisha. Aliwaona, akashusha mkono, akavuta kiti chake tena.

Mama Silas alitangulia. Alikuwa amevaa kanga ya safari tayari, ili isije ikapotea nayo. Nyuma yake Kindness alikuwa anapuliza picha zake, ambazo bado zilinuka rangi, na nyuma yao Silas alisimama mlangoni, funguo za pikipiki mkononi, akiwasubiri kuwarudisha nyumbani.

"Shikamoo, mama," alisema Ludovick.

"Marahaba, mwanangu."

"Unakwenda wapi?"

"Nairobi. Mtoto yangu anaoa."

"Hongera sana." Ludovick alipokea kitambulisho, akapokea kiapo, akapokea barua. Alisoma, akagonga muhuri mmoja, akanyoosha kiganja. "Na pasipoti zako?"

Mama Silas alisogea dirishani. Alifungua fundo la kitambaa cheupe, akazihesabu kwa midomo, akaziweka kiganjani mwa kijana yule moja moja, kama anayelipa. Halafu aligeuka, akamtafuta Sajenti Aikande kwa macho hadi akampata.

"Huyu," alisema, "anajua Kiswahili."